Disney World na Watoto Wadogo: Maswali ya Wazazi

Shule nyingi za Marekani hufungwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na hapo ndipo simu zinapoanza kunifikia. Baba wa Houston, mama wa Minneapolis, shangazi wa Columbus anayemlea mtoto wa kaka yake: wote wanataka kuwapeleka watoto Walt Disney World, Florida, na wote wamekwisha kuona bei zikawashtua. Kazi yangu ni kuwapangia wazazi safari za namna hii. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwaka. Majibu yangu yote yanasimama juu ya jambo moja: ratiba ifuate mwili wa mtoto aliye mdogo kuliko wote katika msafara wenu. Usingizi wake, kimo chake na joto analoweza kulivumilia ndivyo vinavyoamua siku itakuwaje.

Tuna watoto wa miaka 2, 4 na 7. Twende sasa au tungoje wakue?

Kama fedha ipo bila kukopa, nendeni. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huingia bure, kwa hiyo huyo mdogo hamumlipii kitu. Kuanzia miaka 3 hadi 9 kuna tiketi ya mtoto, lakini msidanganyike na jina lake. Punguzo ni dogo. Akitimiza miaka 10 analipiwa kama mtu mzima. Bei hubadilika kulingana na tarehe, na tiketi ya siku moja ya mtu mzima haipungui dola 100. Huyo wa miaka 4 ndiye atakayefaidi kuliko wote, maana katika umri huo tembo anayeruka ni tembo kweli. Hilo halisubiri.

Lakini kama safari itawaacha na deni la kadi, hapo nasema wazi: ahirisheni. Mtoto wa miaka 4 hufurahia pia maonyesho ya jimbo lenu yenye bembea na wanyama, nanyi mkarudi nyumbani na akiba yenu.

Bustani ziko nne. Tuanze na ipi?

Kwa watoto wa umri huo, Magic Kingdom. Ndiyo ya kwanza kufunguliwa, tarehe 1 Oktoba 1971, na ndiyo yenye michezo mingi ambayo mtoto yeyote anaweza kupanda akiwa amepakatwa au ameketi kando ya mzazi: Dumbo, farasi wa kuzunguka, Peter Pan, na mashua za "it's a small world", ambazo zilianzia kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964. Jambo moja huwakwaza wageni: maegesho ya magari hayako langoni. Mnaacha gari, kisha mnavuka ziwa kwa kivuko au mnapanda treni ya juu. Kutoka kufunga mlango wa gari hadi kufika langoni, tengeni saa nzima.

Ya pili ni Animal Kingdom, iliyofunguliwa 22 Aprili 1998. Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya pekee. Ndani yake kuna mji wa kubuniwa uitwao Harambe, na waliouchora walitazama miji ya pwani yetu, Lamu hasa: kuta zilizochunika chokaa, milango mizito, mabango ya Kiswahili. Kutoka hapo ndipo magari ya Kilimanjaro Safaris yanapoanzia safari, kwenye eneo la wazi lenye twiga, tembo, vifaru na simba. Pandeni asubuhi mapema, kabla wanyama hawajajificha kivulini. Kwa mtoto aliyezaliwa ughaibuni, kukuta lugha ya nyumbani kwao imeandikwa ukutani mahali ambapo wenzake wa shule pia huota kufika ni jambo kubwa. Msipite Harambe mbiombio kukimbilia foleni. Simameni, msomeeni mabango.

EPCOT na Hollywood Studios ziacheni hadi huyo mdogo atimize miaka 6 au 7. Na kama watoto wenu wote wako chini ya miaka 8, ulizeni pia bei za Legoland iliyoko Winter Haven, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Orlando, jiji lililo karibu na Disney World. Imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na jirani yake ipo bustani ya Peppa Pig iliyofunguliwa 2022. Kwa mtoto wa miaka 3 naiona hiyo kuwa chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani.

Tarehe gani ni nafuu katika majira ya joto?

Nusu ya pili ya Agosti. Shule za Florida hufunguliwa mapema, karibu tarehe 10 Agosti, na wenyeji wakiondoka foleni hupungua. Epukeni wiki ya 4 Julai, Sikukuu ya Uhuru ya Marekani.

Joto, hata hivyo, halitawapungukia. Mchana hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wake ni ule anaoujua mtu wa Tanga au Mombasa mwezi wa Machi. Alasiri huja radi. Florida ni rasi, bahari iko pande zote mbili. Upepo wa Atlantiki na ule wa Ghuba ya Meksiko hukutana katikati ya nchi kavu, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu hujijenga karibu kila siku. Radi ikikaribia, michezo mingi ya nje husimamishwa. Kumbukeni pia kwamba msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti imo ndani kabisa. Hoteli na ndege zitafuteni zile zinazoruhusu kubadili tarehe.

Siku yenyewe tuipange vipi?

Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibikiwa. Mzazi amelipa, kwa hiyo anataka kila dakika ya tiketi, kutoka lango linapofunguliwa hadi fataki za usiku. Ifikapo saa 8 mchana mtoto analia chini ya jua, baba na mama hawasemezani, na mvua inakuja.

Mimi hupanga hivi. Fikeni langoni nusu saa kabla halijafunguliwa. Wageni waliolala kwenye hoteli za Disney zenyewe huruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wengine, na dakika hizo zina thamani kubwa. Saa mbili za mwanzo mtapanda michezo mingi kuliko saa tano za mchana. Kuleni mapema, saa 5 hivi, kabla ya msongamano. Ifikapo saa 7 tokeni. Rudini hotelini, watoto waoge, walale, nanyi mlale. Radi ikipiga, ipige mkiwa chini ya kiyoyozi. Kisha jioni, saa 11, rudini kama watoto wana nguvu. Kama hawana, msirudi.

Hoteli iwe karibu, basi, hata kama ni ghali kidogo. Hoteli ya bei ya chini iliyo mbali huondoa usingizi wa mchana, na bila usingizi huo hakuna ratiba.

Njia ya kulipia ili kupita foleni haraka, Lightning Lane, sipendekezi inunuliwe kila siku. Nunueni kwa Magic Kingdom peke yake, siku moja, kama mnaweza. Wanaolala hoteli za Disney huweza kuichagua siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3.

Mkubwa wetu anataka michezo ya kasi. Ataruhusiwa?

Mpimeni nyumbani, akiwa na viatu vile vile atakavyovaa huko. Kwenye Magic Kingdom, Barnstormer inataka sentimita 89, Seven Dwarfs Mine Train 97, Tiana's Bayou Adventure 102, Space Mountain 112 na TRON 122. Mpimaji wa langoni hana huruma na hapaswi kuwa nayo, kwa kuwa vizuizi vya viti vimetengenezwa kwa kimo hicho. Mtoto aliyeambiwa nyumbani kwamba bado sentimita tatu hukubali. Aliyeambiwa baada ya kupanga foleni kwa saa moja huumia kweli.

Wazazi hawana haja ya kuikosa michezo hiyo wala kupanga foleni mara mbili. Ombeni mpango wa kupokezana, Rider Switch, ambao hautozwi fedha: mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana. Mara nyingi yule mkubwa hupata kupanda mara mbili.

Lakini kimo si ujasiri. Haunted Mansion haina kipimo chochote na bado giza lake na mizimu yake humtisha mtoto wa miaka 4. Mwonyesheni video za michezo kabla ya kwenda. Akikataa, heshimuni.

Chakula cha ndani ni ghali. Tunaruhusiwa kuingia na chetu?

Mnaruhusiwa, na fanyeni hivyo. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi hupita ukaguzini, mradi hamna vyombo vya kioo (chupa ndogo za chakula cha mtoto mchanga zimesamehewa) wala barafu iliyomwagwa wazi kwenye kikasha. Chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha, maandazi, ndizi: vyote hivi huvumilia nusu siku begini. Kwa familia ya Kiislamu hili huondoa wasiwasi wa halali kwa sehemu kubwa. Maji baridi ombeni kwenye migahawa ya kujihudumia, hutolewa bure. Mkinunua kitu, kumbukeni bei iliyobandikwa haina kodi ndani yake. Kwenye kaunti ya Orange, ziliko bustani hizi, ongezeni asilimia 6.5.

Kila bustani ina kituo cha watoto wachanga chenye mahali pa kunyonyesha na meza za kubadilishia nepi, na nepi na maziwa ya kopo huuzwa humo. Kigari cha mtoto kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vya kukokota kama rukwama havikubaliwi.

Losheni ya jua mpakeni mtoto, hata mwenye ngozi nyeusi. Binti aliyesukwa nywele huungua kwenye mistari ya kichwa, mahali ambapo wengi hawafikirii. Kofia pana inamtosha. Mtoto aliye chini ya miezi 6 yeye akae kivulini, losheni si ya umri wake.

Tutakodi gari. Kiti cha mtoto ni lazima?

Ni sheria. Florida inamtaka kila mtoto wa miaka 5 au chini yake awe kwenye kiti chake. Hadi miaka 3 kiwe kiti kamili, na wa miaka 4 na 5 anaweza kutumia cha kumwinua. Huyo wa miaka 7 mwekeeni cha kumwinua pia, mkanda usimkate shingoni.

Mama mkwe anakuja kutoka Tanga. Twende naye?

Nendeni naye, kwa sharti kwamba ni mgeni wenu. Naona mara nyingi bibi ameachwa kwenye benchi na mtoto aliyelala, begi na viatu vya kila mtu, tangu asubuhi hadi jioni. Siku ya Magic Kingdom mwendo huwa mrefu kuliko anavyodhani yeyote. Kodini kiti cha magurudumu langoni hata kama anatembea vizuri, na mwambieni mapema, kwa adabu, ili asione ni kudharauliwa. Safari ya wanyama itamfaa. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge ina majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village, na mgahawa wa Boma wenye vyakula vya Kiafrika. Hata msipolala huko mnaweza kuweka nafasi mle chakula cha jioni naye.

Mtoto wetu ana usonji na hawezi kukaa foleni.

Disney ina utaratibu uitwao DAS, ambao tangu 2024 umelengwa hasa kwa wenye usonji na hali zinazofanana nao. Maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Akikubaliwa, mnapewa saa ya kurudi na kusubiri nje ya foleni. Elezeni kinachomtokea mtoto akiwa kwenye foleni. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Chukueni na vizibo vya masikio kwa ajili ya fataki.

Na akipotea?

Kila asubuhi mpigeni picha kabla hamjatoka, ionyeshe nguo na viatu vya siku hiyo. Andikeni namba ya simu mkononi mwake kwa kalamu isiyofutika. Mfundisheni kumtafuta mfanyakazi: wote wana beji yenye jina kifuani, na hata wa miaka 4 huweza kuitambua. Atakayempoteza mtoto amwendee mfanyakazi wa kwanza anayemwona na asianze kukimbia huku na huku.

Kuna hatari tusiyoifikiria?

Ipo, na haiko kwenye michezo ya kasi. Ni bwawa la hoteli. Nchini Marekani, kuzama majini kunaongoza kwa vifo vya watoto wa miaka 1 hadi 4, na mtoto mdogo huzama kimya, bila kupiga kelele. Wazazi hurudi mchana wamechoka, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama. Kwa hiyo tajeni jina: kwa nusu saa hii anayetazama ni fulani, kisha fulani. Huyo aliyetajwa asishike simu, na akae umbali wa mkono kutoka kwa mtoto asiyejua kuogelea.