Mkanda wa Harusi: Kutoka Kamera Mpaka Diski



Katika nyumba nyingi, ukifungua droo ya kabati utakuta diski. Moja ina harusi ya dada. Nyingine ina arobaini ya bibi. Juu yake pameandikwa jina na tarehe kwa kalamu. Deki iliyokuwa ikizisoma ilikufa zamani, na watoto siku hizi wanatazama kila kitu kwenye simu. Lakini ndani ya diski ile ya harusi mna sauti ya babu akitoa nasaha kwa maharusi, na babu mwenyewe hayupo tena.

Leo tutajifunza jinsi diski ile ilivyotengenezwa. Tukijua hivyo, tutajua namna ya kuiokoa. Pia tutajua la kumwambia fundi siku tutakapokuwa na shughuli nyingine.

Tuanzie Msasani, Dar es Salaam. Mwaka 1966 palifunguliwa huko sinema ya uwanjani. Watu walitazama picha wakiwa wamekaa ndani ya magari yao. Sinema hiyo ilikwisha kufa, na mahali pake sasa pana ubalozi wa Marekani, lakini wapo ambao bado wanapaita Draivin. Picha zilizoonyeshwa pale zilitengenezwa na watu wa mbali, tena kwa mitambo ya gharama kubwa. Baadaye zikaja kamera ndogo na kompyuta. Ilipofika miaka ya 2000, fundi mwenye chumba kimoja mtaani, awe Msasani, Temeke au Kinondoni, aliweza kutengeneza picha ya harusi ya jirani yake, kuanzia kupiga mpaka kutia diski kwenye kava.

KUKATA NA KUUNGA

Tuseme mpiga picha amefuata harusi kwa saa 6. Kamera ya video ya kawaida kwetu hupiga picha 25 kila sekunde. Zikipita upesi hivyo, jicho linaona kama vitu vinatembea. Basi dakika moja ina picha 1,500, na saa moja ina picha 90,000. Nani atakaa saa 6 kutazama watu wakishuka kwenye magari? Lazima ikatwe.

Fundi anaziingiza picha hizo katika kompyuta, kisha anafungua programu ya kuhariri video. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Bila programu, kompyuta ni sanduku tu. Programu za kuhariri ziko nyingi. Adobe Premiere ilianza mwaka 1991, nayo ni ya kulipia. Windows Movie Maker ilikuja bure pamoja na Windows tangu mwaka 2000, na watu wengi walijifunzia hapo; kampuni ya Microsoft iliacha kuitoa mwaka 2017. Leo ziko nyingine za bure, kama Kdenlive na Shotcut, na wengine wanahariri kwa simu tu.

Kwenye kioo cha kompyuta picha zimelala katika mstari mrefu, kama nguo kwenye kamba. Chini yake kuna mistari ya sauti. Fundi anaonyesha: anzia hapa, ishia pale. Kisha anavuta kipande na kukiunga na kingine. Zamani fundi wa filamu alikata utepe wenyewe, na aliyekosea alipata taabu. Kompyuta haikati picha ya asili. Inaandika tu mahali pa kuanza na mahali pa kuishia. Kwa hiyo picha yote ya saa 6 bado ipo mzima, mpaka fundi aifute mwenyewe. Shika sana jambo hilo, tutalirudia.

Sasa tuzungumze juu ya sauti, maana hapa ndipo wengi wanapopata hasara. Babu anasimama na kutoa nasaha. Fundi anaona maneno yanachosha. Anaweka wimbo wa taarabu au bongo fleva juu yake, kisha anatia mioyo na maua yanayozunguka. (Mafundi wengi wanapenda maua kupita kiasi. Mimi naona uso wa babu ulitosha.) Kazi ikiwa bado ndani ya programu, sauti ya babu iko mstari wake na wimbo uko mstari wake. Fundi anaweza kushusha wimbo na kupandisha maneno. Lakini akishamaliza na kutoa kazi kamili, mistari yote miwili inakuwa sauti moja, kama chai iliyokwisha kutiwa maziwa. Kuitenganisha ni kazi ngumu, na mara nyingi haitoki safi. Basi mwambie fundi mapema: wazee wanaposema, wimbo uzimwe.

KUBANA

Uzito wa picha katika kompyuta unahesabiwa kwa gigabaiti. Kamera zilizotumia kanda ndogo za MiniDV zilitoa karibu gigabaiti 13 kwa kila saa moja. Diski ya DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7 tu. Utaona kwamba hata saa moja haienei. Kwa hiyo lazima picha zibanwe.

Kompyuta inabanaje? Fikiri sheikh amekaa kwenye mkeka anafungisha ndoa. Ukuta nyuma yake hautikisiki. Kompyuta haina haja ya kuandika ukuta ule mara 25 kila sekunde. Inaandika picha moja kamili, na zinazofuata inaandika yale yaliyobadilika tu: midomo, mikono, macho. Nafasi kubwa inaokolewa. Lakini ikifika ngoma, watu wanaruka, taa zinawaka na kuzima, kila kitu kinabadilika kwa pamoja. Hapo nafasi inakuwa haitoshi, na picha inavunjika vipande vipande vya mraba. Umepata kuviona. Watu husema deki mbovu. Mara nyingine deki ni nzima. Ni picha iliyobanwa mno.

Saa 2 katika DVD moja zinatoka vizuri. Fundi akikupa saa 4 katika diski moja ya namna hiyo, ujue kila dakika imepata nusu ya nafasi yake. Ni afadhali diski mbili. Zile VCD za zamani zilibeba dakika 74 au 80 tu, tena kwa picha hafifu, ndiyo maana filamu ndefu ilikuja kwa diski mbili.

KUPANGA NA KUCHOMA

Wengine wanadhani picha ikishahaririwa unaitupa tu kwenye diski. Sivyo. Deki ya DVD inataka vitu vipangwe kwa utaratibu wake. Kazi hiyo ina programu zake, kama DVDStyler, ambayo ni ya bure, au Nero ya Ujerumani. Programu inaikata picha katika sura: kufunga ndoa, keki, zawadi. Inatengeneza ukurasa wa mwanzo wa kuchagua kwa rimoti. Halafu inaweka kila kitu ndani ya mfuko wenye jina VIDEO_TS. Ukosefu wa mpango huo ndio unaofanya diski icheze kwenye kompyuta ya fundi, lakini ukifika nyumbani deki inakataa.

Mwisho diski inachomwa. Mwanga mkali wa leza unaunguza rangi iliyo ndani ya diski na kuacha alama. Diski ya filamu inayotoka kiwandani haichomwi, inagandamizwa kwa chapa. Hii ya studio ina rangi ya dawa, na dawa hupauka. Jua na joto vinaiharibu upesi. Usiiache dirishani wala ndani ya gari.

KUIOKOA DISKI YA ZAMANI

Kwanza isafishe. Ishike pembeni, si usoni. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kitambaa. Usibandue karatasi iliyogundishwa juu, hasa kwa CD, kwa sababu alama za CD ziko chini kidogo tu ya upande wa maandishi.

Halafu tafuta kompyuta yenye kisomea diski. Kompyuta nyingi mpya hazina, lakini kipo cha kuchomeka pembeni, na pengine kijana wa stationari atakuwa nacho. Mwambie akunakilie mfuko wote wa VIDEO_TS kwenye flashi. Ukiuchezesha kwa programu ya bure iitwayo VLC, utaona harusi kama ilivyokuwa. Ukitaka itazamwe kwenye simu, iko programu nyingine ya bure, HandBrake, ya kuigeuza. Ule mfuko wa asili usiufute hata hivyo, kwa sababu kila ukigeuza unabana tena. WhatsApp nayo inabana. Kumtumia shangazi yako kipande kwa WhatsApp ni salamu, si akiba.

Flashi nayo hufa, tena bila kuaga. Weka nakala mbili, katika nyumba mbili.

Na kwa shughuli ijayo, kumbuka ile picha ya saa 6 iliyo mzima kwa fundi. Fundi ana wateja wengi na nafasi katika kompyuta yake ni ndogo. Baada ya muda ataifuta, na hana kosa, maana hamkuagana. Agana naye kabla ya kumaliza malipo. Mpelekee flashi yako, akutilie kazi iliyokamilika, na pia nasaha za wazee kama zilivyotoka kwenye kamera, bila wimbo na bila maua. Wengine watadai fedha kidogo juu yake. Mnaweza kuelewana.

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Kamera inapiga picha 25 kila sekunde. Nasaha za babu zilichukua dakika 4. Ni picha ngapi?

2. Harusi ya saa 6 imepigwa kwa kanda za MiniDV. Itachukua karibu gigabaiti ngapi katika kompyuta?

3. Una flashi ya gigabaiti 32. Itabeba DVD ngapi zilizojaa, kila moja gigabaiti 4.7?

4. Kila mwanakikundi ataje diski moja iliyoko nyumbani kwake. Ni sauti ya nani iliyomo ndani yake, na mara ya mwisho ilisikika lini?