Jitu la Said A. Mohamed: Chuku au Fantasia?

Hadithi "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, mzaliwa wa Unguja, ndiyo iliyoupa jina mkusanyiko wa hadithi uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda (2016). Ulitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022.

Chamani mwetu maoni yamegawanyika. Wako wasemao eti jitu linalomaliza chakula chote cha mkahawa wa Mzee Mago ni la watoto wa chekechea. Wengine wanasema, "Hiyo ni chuku tu, andika chuku upate alama, basi!"

Hebu tutofautishe. Ukisema una njaa ya kula ng'ombe mzima, hiyo ni chuku. Hakuna atakayekwenda kukutafutia ng'ombe. Katika fantasia ajabu hutendeka kweli ndani ya hadithi: chakula kinakwisha na wahusika wanashuhudia.

Je, ajabu hii imetoka wapi? Imetoka katika Kiswahili chenyewe. Mwizi wa mali ya umma twasema "amekula". Mtu mwenye maungo makubwa twamwita "wa miraba minne". Na mtu katika hali ya ukubwa ni jitu. Mwandishi amezichukua semi hizo neno kwa neno, zikaota miguu zikaingia mkahawani. Siku ya pili mabuldoza yanafika Madongoporomoka, nasi twang'amua kuwa chakula kilikuwa utangulizi tu. Kinacholiwa ni ardhi.

Hapo ndipo hoja ya chekechea inapoanguka. Nyanya zetu hapa Gitothua walitusimulia marimu, yaani mazimwi. Aghalabu zimwi hupasuliwa, waliomezwa wakatoka wazima. Jitu hili halipasuliwi. Kwetu Ruiru, ambako mashamba ya kahawa yamegeuka ploti za 50 kwa 100, tofauti hiyo si mchezo wa watoto.

Wapinzani wana hoja moja nzuri: jitu halina mashaka wala huruma, kwa hivyo hatulijui kama tunavyomjua Mzee Mago. Ni kweli. Lakini je, tamaa ina huruma?

Zoezi
1. Taja semi tatu zenye kitenzi "kula" zisizohusu chakula. (Mfano: kula kiapo.)
2. Chagua mojawapo, uichukue neno kwa neno, kisha utunge kisa cha ukurasa mmoja.