Mkojo Unapovuja: Somo la Kibofu kwa Wanaume wa Ziwa Mweru

Usiku, wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi huwasha taa ziwani Mweru kuvutia chisense, dagaa wadogo ambao asubuhi huanikwa juu ya mchanga. Mwanaume asiyeweza kuzuia mkojo hupata shida kubwa kwenye kazi hiyo: saa nyingi ndani ya mtumbwi, wenzake kando, choo hakuna. Akirudi nchi kavu hunyamaza, akiamini kwamba ndio uzee. Uvujaji huo una sababu, na nyingi zina tiba. Tuzifuate tangu mwanzo.

Kwanza tujiulize kwa nini mkojo hauvuji kila wakati. Kwa siku moja figo huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote. Yanayobaki, lita moja hadi mbili, ndiyo mkojo, nao hutiririka polepole hadi kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima huweza kushika mililita 400 hadi 500, na kadiri kinavyojaa hutanuka, hivyo shinikizo la ndani halipandi sana. Pale mkojo unapotokea pana misuli miwili ya kufunga: wa ndani hujikaza wenyewe, wa nje tunauamuru. Nguvu ya kufunga ikizidi shinikizo la kibofu, mtu hubaki mkavu. Shinikizo likizidi, mkojo hutoka.

Mizani hiyo huharibika kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni misuli ya kufunga kulegea. Hutokea hasa baada ya upasuaji wa tezi dume: mtu akikohoa au akiinua nyavu nzito, tone linatoka. Ya pili ni kibofu kujikaza kabla ya wakati wake. Kiharusi, kwa mfano, huharibu mawasiliano kati ya ubongo na kibofu, basi haja humjia mtu ghafla asiwahi choo.

Ya tatu huwachanganya wengi. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini tu ya kibofu, na kwa wanaume wengi hukua umri unavyosonga. Ikiubana mrija, kibofu hushindwa kutoa mkojo wote. Mkojo hubaki na kurundikana hadi unafurika, matone yakitoka bila mtu kuhisi. Mtu huyo anavuja kwa sababu ameziba! Ndiyo maana si vizuri kujinunulia dawa ya kuzuia mkojo kabla ya kupimwa, kwani dawa ya kutuliza kibofu inaweza kumfungia mkojo kabisa.

Ya nne inatoka kwenye maji tunayoishi kando yake. Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo wanaokaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai, kila yai likiwa na mwiba mmoja kwenye ncha. Mayai mengine hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, mara nyingi na damu. Mengine hunasa humo humo, mwili huyazingira, na baada ya miaka ukuta hujaa makovu. Kibofu chenye makovu hakitanuki. Mkojo kidogo tu hupandisha shinikizo, na mtu hukimbilia choo kila mara au hujikojolea.

Yai lililotoka na mkojo likiangukia maji baridi, huanguliwa. Kiluwiluwi chake kina muda wa siku moja hivi kumpata konokono anayefaa, la sivyo hufa. Ndani ya konokono huzaliana, na baada ya wiki kadhaa viluwiluwi vya aina nyingine hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta wavu. Lakini yai likikaukia juu ya ardhi haliendelei. Kwa hiyo mkojo mmoja kwenye kichaka cha matete ukingoni unaweza kuwa chanzo cha maradhi ya mtoto wa jirani, na mkojo uleule ndani ya choo cha shimo hauambukizi mtu kichocho.

Choo nacho lazima kikae mahali pake. Miongozo ya kimataifa ya huduma za dharura hutaka shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Mahali ambapo ukichimba kidogo unakuta maji, afadhali choo kiinuliwe juu ya tuta kuliko kuchimbwa kirefu.

Sasa tuitazame pedi au nepi ya mtu mzima, ambayo anayevuja huivaa. Chana moja uone: kati ya nyuzi kuna punje nyeupe zinazogeuka ute mzito zikilowa. Ute huo hushikilia mkojo usirudi kwenye ngozi. Lakini bakteria huuvunja mkojo na kutoa amonia, ambayo hunuka na kuchoma ngozi, hivyo pedi ibadilishwe mapema, na mtu aoshwe na kukaushwa. Pedi ikitupwa kwenye choo cha kuvuta maji huvimba na kuziba bomba. Kwenye choo cha shimo, plastiki yake haiozi, nayo hulijaza shimo kabla ya wakati. Isitupwe ziwani kamwe. Ikunjwe, ifungwe, iwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, kisha ipelekwe kwenye kichomeo cha kituo cha afya au ifukiwe mbali na maji. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni ndani ya beseni, avianike juani, na maji ya kufulia ayamwage chooni.

Ndoo hiyo huwekwa zaidi kwenye vyoo vya wanawake. Nchini Uingereza, shirika la Prostate Cancer UK limefanya kampeni ili vyoo vya wanaume navyo viwe nazo. Soko, shule na zahanati za ufukweni mwetu zinahitaji ndoo hizo pia, pamoja na mtu mwenye jukumu la kuzimwaga.

Kwa tiba, anza na kupimwa mkojo, sukari na tezi. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, na kadiri unavyowahi ndivyo makovu yanavyopungua. Misuli iliyolegea huimarishwa kwa kuikaza kama unayezuia upepo usitoke, sekunde tano hivi, kisha kuilegeza. Mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Usijinyime maji, kwani mkojo mzito huwasha kibofu. Ukiona damu, ukishindwa kukojoa kabisa, au miguu ikidhoofika ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kashikishi kuna Hospitali ya St Paul's. Mweleze mhudumu waziwazi unavyovuja na lini, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yatakayomwonyesha ipi kati ya njia nne inakuhusu.