Somo: Malkia Eleni wa Uhabeshi

Someni kwanza Esta 4:13–16.

Wapendwa, sisi wa Karatu na Ngorongoro twajua jinsi anavyotazamwa mke aliyetoka kabila au dini nyingine, hasa akikosa mtoto. Malkia Eleni alikuwa mke wa namna hiyo. Alizaliwa Hadiya, binti wa mtawala Mwislamu. Lugha ya watu wake ni ya Kikushi, kama Kiiraqw chetu. Aliolewa na mfalme, akawa Mkristo, wala hakujaliwa mtoto. Hata hivyo Mfalme Baeda Maryam, aliyetawala 1468 hadi 1478, alimheshimu kama mama. Tena mwaka 1508, Lebna Dengel aliporithi kiti akiwa mtoto, Eleni ndiye aliyeongoza nchi kwa niaba yake. Akamtuma Mateus kwa mfalme wa Ureno kutafuta urafiki. Mjumbe huyo alifika Lisbon mwaka 1514.

Basi, Uhabeshi haukumpima Eleni kwa tumbo lake, bali kwa hekima yake.

Tujiulize: katika mtaa wetu, yuko mama ambaye shauri lake hatulitafuti kwa sababu hana mtoto? Tumwite barazani, tumsikilize.