Mama na Kabila la Mtoto

Pande za Uvira wanakaa Wavira, Wafuliru, Wabembe, Wanyamulenge na Warundi. Mtoto akiulizwa, "Wewe ni wa nani?" hutaja ukoo wa baba yake. Wataalamu wa elimu ya jamii huonyesha jambo litokalo katika desturi hiyo: mama aliyeolewa katika kabila jingine huzaa na kunyonyesha watoto ambao watu hawawahesabu katika kabila lake. Je, huwapenda nusu? Hasha! Upendo wa mama hauulizi kabila.

Sikilizeni habari ya Marguerite Barankitse, Mkatoliki wa Ruyigi, mashariki ya Burundi. Yeye ni Mtutsi. Alikuwa akilea watoto 7 asiowazaa, Wahutu 4 na Watutsi 3. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Wahutu wakaua Watutsi, na Watutsi wakalipa kisasi. Tarehe 24 Oktoba Watutsi wenye silaha walifika katika nyumba ya askofu huko Ruyigi, ambamo Marguerite alikuwa amewaficha Wahutu. Walimfunga, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Hata hivyo aliokoa watoto 25. Hapo ndipo ilipozaliwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, iliyolea maelfu ya yatima bila kubagua kabila. Mwaka 2015 alilazimika kukimbia Burundi, akaendelea na kazi yake kati ya wakimbizi nchini Rwanda.

Fahamuni basi: ubatizo haumnyang'anyi mtu lugha ya mama yake wala ukoo wa baba yake. Humpa Baba mmoja na ndugu wengi. Bwana wetu msalabani alimkabidhi Mama yake mwanafunzi ambaye hakumzaa, akawa mwana wake.

*Swali:* Je, Mkristo aache kabila lake?
*Jibu:* Hapana. Alipende, lakini asilitumie kumfungia mlango yatima wa kabila jingine.

*Swali:* Mama Mkristo awafundishe nini watoto wake?
*Jibu:* Awafundishe majina ya babu zao, tena awafundishe kumwita jirani ndugu. Asitamke penye chakula neno la kudharau kabila lolote, maana chuki nayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa.