Sadaka ya Mtu Mwenye Deni

Tuseme mtu anadaiwa na jirani yake Sh. 80,000, alizozikopa ili anunue mbegu, akaahidi kuzirudisha baada ya kuvuna. Mavuno yamekwisha kupita. Jumapili ya sadaka ya mavuno imekaribia, na mkononi anazo Sh. 50,000 tu. Je, azipeleke altareni au kwa jirani? Swali hili si la kubuniwa darasani. Lapatikana katika kila parokia, na wengi hulijibu kwa haraka mno wakisema ya kuwa Mungu ni wa kwanza na wanadamu watangoja. Jibu hilo lasikika kuwa la uchaji, lakini mafundisho ya Kanisa hayaliungi mkono.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki huweka jambo la kulipa madeni chini ya Amri ya Saba, ile inayokataza wizi (na. 2411). Maana yake ni nzito kuliko tunavyodhani. Fedha iliyokopwa, siku ya kulipa ikisha kufika, haimo tena katika mali ya mkopaji ila kwa jina tu. Mwenyewe ni yule jirani. Basi mtu akiichukua na kuitoa sadaka, ametoa kitu cha mwingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hufundisha vivyo hivyo, kwamba sadaka itoke katika mali halali ya mtoaji. Na Bwana wetu mwenyewe aliwakemea Mafarisayo kwa ajili ya ile desturi ya Korbani, ambayo kwayo mwana aliiwekea wakfu mali yake kwa Mungu akawaacha wazazi wake bila msaada (Marko 7). Mungu hapokei kwa mkono mmoja kile alichokwisha kuamuru kwa mwingine kipelekwe mahali pengine.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Asije mtu akasema, “Kwa kuwa nina deni, sadaka hainihusu.” Mwenye mkopo wa miaka mitatu anayelipa kila mwezi sehemu yake bila kukosa hana deni lililochelewa, kilichobaki ni chake, naye aweza kutoa kwa moyo mweupe. Na yule aliyechelewa aweza kumwambia Padre au mwenyekiti wa jumuiya kwamba mwaka huu atatoa siku mbili za kazi katika shamba la parokia badala ya fedha. Mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la Hekalu alitia kidogo sana, lakini zilikuwa zake. Jambo hilo husahauliwa na wahubiri wengine.

Kuhusu kukopa na kukopesha, hakuna sura ya Maandiko inayofaa kusomwa nyumbani jioni kuliko sura ya 29 ya Kitabu cha Yoshua bin Sira. Mwana wa Sira alikiandika kwa Kiebrania huko Yerusalemu, yapata miaka 180 kabla ya Kristu, na mjukuu wake akakifasiri kwa Kiyunani nchini Misri baada ya mwaka 132 K.K. Ndugu zetu Waprotestanti wengi hawakihesabu kati ya Vitabu Vitakatifu, nasi wenyewe tulio nacho twakisoma kwa nadra.

Huyu mzee aliijua mitaa na masoko. Aanza kwa kusema kwamba kumkopesha jirani ni tendo la huruma, na kwamba mkopaji naye alipe kwa wakati. Kisha ampiga picha mkopaji mbaya, na picha hiyo haijachakaa. Kabla ya kupewa, huyo mtu hubusu mkono na kuishusha sauti yake mbele ya mali ya mwenzake. Siku ya kulipa ikifika huomba muda, halafu hujibu kwa manung'uniko, tena husema ya kuwa hali ya wakati huu ni ngumu. Mwenye fedha akimbana, hupata nusu kwa shida na kuihesabu kama kitu alichokiokota njiani. Asipombana hupoteza fedha zote na kujipatia adui kwa gharama yake mwenyewe. Nani kati yetu hakumtambua huyo? Yawezekana ni mtu wa ukoo wetu. Yawezekana pia ni sisi.

Lakini Mwana wa Sira hakomei hapo. Atambua kwamba wengi hunyima si kwa roho mbaya, bali kwa hofu ya kudhulumiwa bure. Kwa hiyo mkopaji asiyelipa hamwibii mtu mmoja tu. Aufunga mlango ambao maskini wa kesho angeupitia. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayekuja kukopa nauli ya hospitali hukuta uso uliokunjwa, kwa sababu mwingine aliyemtangulia alikula fedha akanyamaza. Hapo ndipo uzito wa dhambi hii ulipo. Na mara baada ya onyo hilo, mzee huyo ageuka na kuagiza tuwavumilie wanyonge pamoja na hayo yote, na kwamba ni heri fedha ipotee kwa ajili ya ndugu kuliko iote kutu chini ya jiwe.

Tufanyeje basi, ikiwa twaonywa na papo hapo twaagizwa? Njia ya busara ni kuamua kabla ya kutoa. Mtu akija kuomba Sh. 100,000, jiulize kimoyomoyo: Nisipozipata tena, je, watoto wangu watakosa ada au chakula? Ikiwa watakosa, usimpe zote, mpe Sh. 20,000 kuwa zawadi, bila maneno ya deni, na urafiki wenu utapona. Ikiwa hawatakosa, mpe, na muandikiane tarehe. Wako waonao haya kuandikiana na ndugu. Karatasi hiyo si dalili ya kutoaminiana, kwani wote wawili husahau, na kila mmoja husahau kwa upande wa faida yake.

Kuhusu udhamini, Mwana wa Sira asifu mtu mwema anayemdhamini jirani yake, na wakati huo huo akumbusha kwamba dhamana imewaangusha matajiri wengi. Wanachama wa vyama vya akiba na mikopo wayajua haya. Mdhamini hutia sahihi kwamba akiba yake itashikwa endapo mkopaji hatalipa. Wengi hutia sahihi hiyo wakiwa wamesimama, kalamu ya kuazima, kama watiao sahihi katika daftari la wageni. Miezi tisa baadaye mkopaji amehamia mji mwingine, na akiba ya miaka mitano ya mwalimu au muuguzi imekwenda. Msaidie jirani kadiri ya nguvu zako, asema mzee, na ujiangalie usianguke wewe mwenyewe. Na wewe uliyedhaminiwa, usisahau wema wa mtu aliyeweka jasho lake badala ya lako.

Sasa yatupasa kuwageukia wakopeshaji. Torati iliwawekea mipaka mikali. Asichukue mtu jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana hilo ni uhai wa mwenziwe. Asiingie nyumbani mwa mkopaji kuitwaa rehani, bali asimame nje aletewe. Na vazi la maskini alirudishe kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24). Leo wako wanaowanyang'anya akina mama cherehani, jiko na godoro mbele ya watoto. Mikopo yao wananchi wameipa jina lisilohitaji ufafanuzi: kausha damu.

Tufanye hesabu. Mama auzaye maandazi akopa Sh. 300,000. Akatwa Sh. 15,000 za fomu, apokea Sh. 285,000. Atakiwa kulipa Sh. 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani Sh. 390,000. Ametozwa Sh. 105,000, zaidi ya theluthi moja ya fedha aliyoishika, kwa mwezi mmoja tu. Ikiwa faida ya maandazi ni Sh. 8,000 kwa siku, Sh. 5,000 zinazopungua zatoka wapi? Zatoka katika sufuria ya watoto. Na sufuria ikiwa tupu, zatoka kwa mkopeshaji wa pili. Mara nyingi mume hana habari mpaka siku wanapokuja kubeba vitu. Wengine hukopa kwa simu ya mkononi, ambako hakuna hata uso wa mtu wa kumwonea haya; na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Twawaambia wazi wale Wakristu wanaofanya biashara ya namna hii, kisha hukaa viti vya mbele na kuchangia ujenzi wa kanisa: jengo hilo lisingepungukiwa neno kama matofali yenu yasingekuwamo.

Kanisa halikuridhika na kukemea tu. Mwaka 1462 Wafransisko walisaidia kufunguliwa mjini Perugia, nchini Italia, nyumba ya kuwakopesha maskini kwa rehani, ili wapone katika makucha ya watoza riba. Nyumba za namna hiyo zilienea, na wengine wakanung'unika kwamba hata zile senti za kuwalipa watumishi ni riba. Mwaka 1515, katika Mtaguso wa Tano wa Laterano, Papa Leo wa Kumi aliamua kwamba malipo madogo ya kugharimia kazi si riba. Karibu nasi zaidi, mwaka 1955, huko Jirapa, kaskazini ya nchi iitwayo leo Ghana, Padre John McNulty wa Mapadre Weupe aliwasaidia wakulima kuanzisha chama cha akiba na mikopo, kinachotajwa kuwa cha kwanza katika Afrika. Hazina yake ilikuwa akiba ya wanakijiji wenyewe. Parokia yenye jumuiya ndogo ndogo ishirini haina sababu ya kuwaacha akina mama wake wapige magoti kwa mtu wa kausha damu.

Neno moja juu ya michango ya harusi, maana hapa wengi hutuona wakali. Kumchangia bwana na bibi arusi ni desturi njema. Lakini kukopa ili mtu aitwe mkarimu ni kiburi kilichovaa nguo ya upendo. Mwenye kadi tatu za michango na ada ya mtoto haijalipwa ana haki ya kurudisha kadi mbili, na kamati isimtangaze.

Na yule asiyeweza kulipa kabisa? Asiyeweza hafungwi kwa lisilowezekana. Lakini afungwa kusema. Aende kwa mdai wake mapema, kabla hajaitwa, amweleze hali, amletee hata Sh. 2,000. Kukimbia, kubadili njia ya kwenda sokoni, kuzima simu, hayo ndiyo yageuzayo shida kuwa dhuluma. Naye mdai akiona kwamba mtu kweli hana, hapo ndipo ukarimu wa Kikristu unapoanza. Mtakatifu Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo hakumwambia asahau hasara yake. Alishika kalamu kwa mkono wake mwenyewe, akaahidi kuilipa yeye.

Zakayo naye, siku aliyoshuka mtini, alitenganisha vizuri mambo mawili. Nusu ya mali yake aliwapa maskini, na hiyo ni sadaka. Wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne. Hakuhesabu shilingi moja mara mbili.

Limebaki swali la mdai aliyekufa. Katika misiba yetu husimama mzee wa ukoo akatangaza ya kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na mwenye kudaiwa naye ajitokeze pia. Wa kwanza hujitokeza upesi. Wa pili hutazama chini. Yafaa ajue kwamba deni halikuzikwa: limekuwa mali ya mjane na yatima. Kama warithi hawajulikani, baada ya kuwatafuta kwa bidii, fedha hiyo wapewe maskini. Lakini kama mjane yuko pale pale, amekaa mkekani, hakuna ruhusa ya kumruka na kupeleka fedha yake penye sanduku la sadaka.