Mzazi ni Mwalimu wa Kwanza

Katika nchi ya Masisi na Walikale shule nyingi ziko mbali. Katika machimbo ya dhahabu, kama yale ya Omate, jambo hili ni zito zaidi. Watu hufika na watoto wao, hukaa kidogo, kisha huhama. Tena vita, ambavyo vimerudi mara nyingi tangu mwaka 1993, hufunga shule na kuwatawanya walimu. Hapo mtoto wa miaka saba hushika karai akaosha mchanga, nao wazazi husema: “Shule hakuna, tufanye nini?”

Swali: Je, shule ikikosekana, wajibu wa mzazi umekwisha?

Jibu: La, haukwisha, kwa maana haukutoka shuleni. Papa Pius XI, katika barua yake ya tarehe 31 Desemba 1929, alifundisha kwamba haki ya wazazi ya kuwalea watoto yatangulia haki ya serikali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulithibitisha mafundisho hayo tarehe 28 Oktoba 1965: waliozaa ndio walezi wa kwanza na wakuu. Shule humsaidia mzazi, wala haimwondoi mahali pake.

Wako wanaosikia hayo wakapita kiasi: “Basi, shule ya nini?” Hao hujidanganya. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, huwapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi. Lakini ibara hiyo hiyo yafanya elimu ya msingi kuwa lazima, tena bure katika shule za serikali. Huko Marekani familia nyingi hufundisha watoto nyumbani kwa kupenda, nazo zina vitabu tele. Machimboni ni kazi ya dharura, kama kuwasha taa mpaka kupambazuke.

Mzazi asiyejua Kifaransa asione haya. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe yakubali lugha za taifa na za mahali katika kufundishia. Kiswahili chatosha, Kinyanga au Kihunde pia. Kipande cha ubao na makaa vyatosha kwa herufi, kisha silabi: ba, be, bi, bo, bu. Hesabu ianze kwa maharagwe, halafu kwa mizani, maana mtoto wa machimboni huona dhahabu ikipimwa kila siku, na asiyejua kuhesabu ndiye apunjwaye. Wakati mwema ni asubuhi, kabla ya jasho. Usiku mtoto husinzia, na baba pia.

Na mama asiyejua kusoma? Aketi pamoja na mtoto wake mbele ya katekista au jirani aliyesoma, wajifunze wote wawili. Sala na mafundisho ya dini hayangoji ubao. Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao waketipo nyumbani na watembeapo njiani.

Lakini karai lisihesabiwe kuwa somo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yamkinga mtoto na kazi zinazodhuru afya yake.

Amani ikirudi, mtoto apelekwe shuleni mara moja. Aliyechelewa miaka mingi atafutiwe kituo cha kufidia masomo, ambako miaka sita ya shule ya msingi hufundishwa kwa mitatu. Achukue daftari lake la nyumbani, ili mwalimu ajue amsomeshe kuanzia wapi.